Watu wa Simu wa Mama Mhariri

Neno "inasemekana" halikuingia katika taarifa yetu ya habari. Mama Mhariri alipolikuta kwenye karatasi alilikata kwa kalamu nyekundu, kisha akamwita aliyeandika na kumuuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani, ni nani huyo anayesema. Kama humjui, alikurudishia karatasi yako. Kama unamjua, alitaka jina lake, anakoishi, na jambo lilipotokea alikuwa amesimama wapi.

Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na moja, katika redio ya habari pale Mbinga mjini. Hatukuwa na muziki. Kila saa kamili tulisoma taarifa ya habari, na katikati tukaweka mahojiano, bei za mazao, matangazo ya vifo na hali ya barabara. Tulikuwa ghorofa ya juu ya jengo la maduka karibu na soko. Kuta za studio tulizibandika trei za mayai ili zipunguze mwangwi, na miezi ya baridi tulisoma habari tumevaa makoti, ukungu umefunika dirisha hadi huoni upande wa pili wa barabara.

Yeye alitoka katika zile familia za wenye maduka zilizofika Mbinga kutoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alivaa ushungi mweusi kila siku, na juu yake, kazini, visikizio vya kwenye masikio. Kabla ya redio alikuwa mpokea simu, enzi zile simu zinaunganishwa kwa mkono, mtu anachomeka waya hapa na pale. Nadhani ndiko alikojifunza kusikiliza namna ile. Mtu akizungumza naye kwa simu alifumba macho, na mara nyingi alijua kwamba huyu anasoma alichoandikiwa, au huyu kuna mtu amesimama pembeni yake anamwambia la kusema. Alimkatiza taratibu na kumwomba amwondoe huyo mtu wa pembeni, na mimi niliyekaa karibu nikasikia nyayo zikiondoka upande wa pili.

Watu aliowapenda kuliko sisi wa ofisini ni wale wa vijijini. Kwenye karatasi za mkurugenzi waliitwa waandishi wawakilishi, ila sisi tuliwaita watu wa simu. Walikuwa wanane. Hakuna hata mmoja aliyesomea uandishi. Wa Maguu alikuwa mzee wa kahawa jina lake Kasiani, wa Kigonsera mwalimu mstaafu, wa Ukata mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, na wa ziwani, kule Mbamba Bay, dada Osmunda, aliyeanika na kuuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Mama Mhariri aliwachagua mwenyewe. Hakuangalia cheti. Alimpigia mtu simu siku tatu mfululizo na kumuuliza ameona nini tangu asubuhi. Aliyejibu "hakuna kitu" hakumpigia tena. Mama wa mashine ya kusaga alijibu kwamba leo wamekuja watu wachache kusaga kuliko jana, na wote wamekuja na mihogo badala ya mahindi. Akachukuliwa hapo hapo.

Kila asubuhi, saa moja na nusu, aliwapitia mmoja mmoja kwa simu, na maswali yake yalikuwa yale yale. Umeona au umesikia? Umesikia kwa nani? Yeye aliona? Kama jibu la mwisho lilikuwa hapana, aliwaambia waende wakaone, na watu wale walikwenda. Mzee Kasiani aliwahi kupanda na kushuka milima nusu siku nzima kwa sababu ya mbuzi aliyedaiwa kuzaa watoto sita. Walikuwa watatu, na tukatangaza watatu. Mwenye mbuzi alikasirika.

Mimi ni Mmatengo wa Maguu, na nilipoanza kazi nilitamani nisikike kama mtu wa Dar es Salaam. Siku moja Mzee Kasiani alileta habari ya mmomonyoko kwenye mashamba ya ngoro. Ngoro ni yale mashimo ya mraba tunayochimba kwenye miteremko ili maji ya mvua yatulie na udongo usiondoke, na kila mtoto wa kwetu amekua akiyaruka. Nikaandika "mashimo ya kienyeji". Mama Mhariri alifuta, akaandika ngoro, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Wa Maguu ni wewe au ni mimi?"

Aliniambia kwamba tukianza kuyaita mambo ya watu majina wasiyoyatumia, watadhani tunazungumza habari za watu wengine, na watakuwa sahihi.

Sitaki nimfanye malaika. Alikuwa mkali na neno moja lililopinda kwenye taarifa, na wakati huo huo alidanganya umri wake bila haya, tena kila mtu alimtajia mwaka tofauti. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, akatuapia kwamba hagusi kitu kitamu, na sote tulijua kwamba droo yake ya chini ilikuwa na visheti vilivyofungwa kwenye gazeti. Alitukataza uvumi ofisini kana kwamba ni moto, kumbe yeye mwenyewe alipenda umbea kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nikimletea la mtaani alininyamazisha kwa kidole, kisha akanong'ona kwamba nipite nyumbani kwake jioni, nianzie mwanzo na nisiruke kitu.

Na lile ziwa. Alilijua kwa masikio. Alijua bandari zote ndogo za upande wetu, wapi mtandao wa simu unashika na wapi lazima upande kilima, mawe gani yanaficha ghuba gani, boti ya nani ina injini mbovu. Watu wa ufukweni waliomsikia akiuliza maswali redioni walidhani kazaliwa Liuli, huko huko ufukweni. Lakini hajawahi kukanyaga ndani ya boti. Aliyaogopa maji. Siku tulipokwenda Mbamba Bay kwa mkutano wa wavuvi, alikaa mbali kabisa na ufuko, kiti chake kimelipa ziwa mgongo, akauliza maswali yake kutoka huko.

Sasa nieleze siku ya boti, kwa sababu bila hiyo huwezi kumjua.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mvua zinakaribia kwisha. Kwaya ya akina mama wa parokia yetu ya Maguu ilialikwa kwenye jubilei ya sista mmoja katika kijiji cha ufukweni, kaskazini ya Mbamba Bay. Walishuka milima kwa lori siku moja kabla. Daraja la mbele lilikuwa limechukuliwa na maji, basi asubuhi hiyo wakapanda boti ya injini ili wamalizie safari kwa ziwa. Walikuwa wanawake ishirini na mmoja pamoja na manahodha wawili. Mmoja wa wale wanawake alikuwa mama yangu. Hakuwa amewahi kuogelea hata kwenye mto.

Upepo ulianza saa tatu. Ilipofika saa nne simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe. Boti ya wanakwaya imezama, hakuna aliyepona. Kulikuwa na picha ya boti iliyopinduka, tumbo juu. Mdogo wangu wa kike alinipigia kutoka Maguu, akawa analia tu, hawezi kutamka kitu. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya kusoma habari.

Mama Mhariri aliangalia ile picha, akaivuta ikawa kubwa, akanirudishia simu. Alimpigia Osmunda. Osmunda alisema watu wa ufukweni wanalia, wanasema boti imezama. Akaulizwa nani ameiona ikizama. Osmunda akauliza huku na huku, tukasikia sauti nyingi, halafu akarudi na kusema kuna mzee mmoja aliyeiona ikipita nyuma ya mawe na haikutokea upande wa pili. Mama Mhariri akasema, basi ameiona ikipotea, hajaiona ikizama. Akamwomba Osmunda avae viatu vya kutembelea, afuate ufuko hadi kwenye hayo mawe, na akifika penye mtandao apige.

Mkurugenzi wetu, mwenye redio, alipiga simu kutoka Songea. Alizungumza kwa sauti ya juu hata mimi nilimsikia. Redio nyingine zimeshatangaza vifo, alisema, na sisi wenyeji tumekaa kimya kama vile ziwa si letu. Mama Mhariri alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba anaweza kumwachisha kazi Jumatatu, ila leo hatasoma majina ya maiti ambazo hakuna aliyeziona. Akaaga kwa heshima, akakata simu.

Taarifa ya saa tano aliiandika kwa mkono wake, mistari minne. Boti iliyobeba wanakwaya kutoka Maguu haijafika inakokwenda. Hali ya ziwa ni mbaya. Mwakilishi wetu anafuata ufuko kwa miguu. Zaidi ya hapo hatujui, na tutakalolijua tutalisema saa sita.

Aliniuliza kama nitasoma au ampe mwingine. Nikamwambia nitasoma. Lakini kabla sijaingia studio nikamgeukia na kumwambia neno ambalo nimelijutia miaka mingi. Nilimwambia kwamba ni rahisi kwake kungoja, kwa sababu yeye hana mtu majini.

Alinifungulia mlango wa studio.

Nikasoma. Nikasoma tena saa sita, maneno yale yale, nikiongeza tu kwamba bado hatujui. Kupitia dirishani niliona watu wamekusanyika chini kwenye ngazi za jengo, wauza nyanya, madereva wa bodaboda, watumishi wa serikali waliotoka nyumbani, na wengi wao hawakuwa na ndugu Maguu. Nao walitaka kujua. Nilimchukia Mama Mhariri kwa ile "hatujui". Nilitaka mtu aniambie kitu, hata kiwe kibaya, nikakae chini nilie.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini Osmunda alipopiga. Alikuwa juu ya kilima, anahema. Alisema chini yake, nyuma ya mawe, kuna ghuba ndogo isiyoonekana kutoka njiani. Boti imevutwa juu ya mchanga. Kuna moshi wa moto. Kuna nguo za njano zimeanikwa juu ya mawe.

Njano ilikuwa rangi ya sare ya kwaya. Niliinuka kwenye kiti. Mama Mhariri akaniwekea mkono begani nikakaa tena.

"Teremka uwahesabu," alimwambia Osmunda. "Uwahesabu kwa majina."

Wakati Osmunda anateremka, Mama Mhariri alimpigia Mzee Kasiani, akamkuta tayari amesimama parokiani na orodha ya katekista mkononi. Alisoma majina ishirini na moja na mimi nikayaandika. La mama yangu lilikuwa la kumi na nne. Kisha Osmunda akapanda tena kilimani na majina yake, akaanza kuyataja, na kila alilolitaja Mama Mhariri aliweka alama kwenye karatasi. Walikuwa wamelowa, simu zao zote zimeingia maji, mmoja ameteguka mguu. Nahodha alipoona mawimbi yamemzidi aliingiza boti katika ghuba ile kwa nguvu, injini ikafa, nao wakashuka wameshikana mikono. Osmunda alifika jina la ishirini akaishia hapo.

La kumi na nne halikuwa na alama.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Namkumbuka Mama Mhariri akifumba macho na kuuliza, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, wa ishirini na moja yuko wapi. Osmunda akasema wenzake wanasema alitoka na nahodha mmoja, wamepanda juu kutafuta kijiji chenye simu. Aliulizwa, wameondoka lini? Saa nyingi. Umemwona wewe? Hapana. Basi msubiri umwone, Mama Mhariri akasema, na usikate simu.

Tulisubiri. Saa saba ilifika ikapita. Mwenzangu alisoma mistari yetu minne, na chini yake akaongeza kwamba boti imeonekana ufukweni na kwamba tunahakiki hali ya abiria. Chini kwenye ngazi watu walipiga kelele za furaha. Mimi nilikaa nikisikiliza upepo kwenye simu ya Osmunda. Kisha Osmunda akasema kuna watu wawili wanateremka kumjia, mwanamume na mwanamke, na mwanamke amejifunga kitenge kichwani.

"Muulize jina," Mama Mhariri akasema.

Nikasikia sauti ya mama yangu ikitaja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, kama anavyolitaja zahanati. Mama Mhariri akaweka alama, akavua visikizio, akanivisha mimi.

Mama alizungumza nami kwa Kimatengo. Alisema viatu vyake vipya vimebaki ziwani. Alisema kijiji hakikuwa mbali kama nahodha alivyodai, ila nahodha huyo hajui njia. Akaniuliza mbona sauti yangu hivyo, naumwa? Nikamwambia siumwi. Akaniambia nile kitu.

Taarifa ya saa nane tuliifungua kwa majina yote ishirini na matatu, manahodha wakiwa mwisho. Nilimwomba Mama Mhariri nianze na la mama yangu. Alikataa. Alisema kila jina lina mtu anayelingojea, na hilo langu ni la kumi na nne. Nikayasoma kwa mpangilio wake. Nilipofika kumi na nne nililisoma kama mengine, nikaendelea. Chini kwenye ngazi nilisikia vigelegele kwa kila jina, hata kwa wale manahodha ambao hakuna aliyewajua.

Nilipotoka studio nilimtafuta ili nimwombe radhi. Nilimkuta stoo, amekaa juu ya boksi la karatasi, mdomo umejaa visheti. Tulitazamana. Alimeza, akaniambia nisithubutu kumwambia daktari wake. Nikaanza kucheka na sikuweza kuacha, naye akacheka, machozi yakimtoka, na radhi yangu sikuiomba. Jumatatu mkurugenzi hakumwachisha kazi. Picha ile ya boti iliyopinduka ilikuja kujulikana kwamba ilikuwa ya ziwa jingine kabisa.

Kazi aliiacha miaka miwili baadaye, na hapo ndipo mimi sikuwa mtu wa kujisifia.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shughuli nyingine nyingi, na redio ilimchosha. Alituita akatueleza kwamba watu wanane wa vijijini wataondolewa, kwamba taarifa zetu zitakuwa zinatoka Dar es Salaam zikiwa tayari zimeandikwa, na kwamba sisi wachache tutabaki kuzisoma pamoja na matangazo na kuangalia mitambo. Mama Mhariri alimwomba kitu kimoja tu, aje asubuhi moja akae naye saa moja na nusu, asikilize simu zinapoingia. Mkurugenzi alisema atakuja. Hakuja. Mwisho wa mwezi Mama Mhariri alikunja kitambaa cha mezani kwake, akachukua kikombe chake, akashuka ngazi.

Wenzangu walimsindikiza hadi nyumbani. Mimi nilijifungia studio nikajifanya narekebisha waya. Nilikuwa na mke na watoto, nimekubali kubaki, na sikujua nimtazame vipi.

Mwaka mmoja na nusu tuliwapa watu wa Mbinga habari za foleni za magari Dar es Salaam. Siku moja mvua ya mawe ilipiga Maguu, ikapukutisha kahawa ikiwa bado changa, mashamba kwa mashamba. Sisi hatukuwa na habari. Niliijua kwa sababu mama yangu alipiga simu. Alisema amekaa sebuleni na redio mapajani, anasubiri mwanawe aseme kilichowapata, na mwanawe anamweleza kuhusu barabara ambayo hajawahi kuipita. Hakuwa na hasira. Alitaka tu nielewe kwamba ameizima.

Wengi waliizima. Vyama vya wakulima viliacha kuleta matangazo, parokia ziliacha, hata matangazo ya vifo watu walianza kuyapeleka kwingine. Mwishowe mkurugenzi alikuja Mbinga mwenyewe, akakaa kwenye kile kiti cha Mama Mhariri, akaniambia mimi ndiye mhariri kuanzia sasa, na kazi yangu ya kwanza ni kutafuta watu vijijini, kama wale wa mwanzo. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema mama yake mzazi kule kwao naye ameacha kusikiliza.

Nilimaliza siku tatu kabla sijapata moyo wa kwenda kwa Mama Mhariri. Alikaa nyuma ya duka la familia, mtaa wa pili kutoka sokoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Anifukuze, au aniambie hanikumbuki, au, kibaya zaidi, awe amezeeka.

Alikuwa barazani na kikombe cha chai.

"Shikamoo Mama Mhariri."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Kabla sijafungua mdomo simu yake iliita. Alininyooshea kidole ninyamaze, akaifungua sauti. Ilikuwa mama wa mashine ya kusaga, kutoka Ukata. Alisalimia, kisha bila kuulizwa akasema kwamba muuguzi mpya wa zahanati amefika jana, kijana kutoka Tabora, na leo asubuhi kuna foleni ya akina mama na watoto hadi barabarani. Mama Mhariri alimuuliza kama ameiona foleni au amesikia. Akasema ameiona, amepita hapo na ndoo. Mama Mhariri alichukua daftari kutoka chini ya kiti, akaandika. Chini ya kiti kile kulikuwa na madaftari mengine ya shule, mengi, yamepangwa na kufungwa kwa kamba.

Simu ilipokatika iliita tena. Kigonsera. Halafu Maguu. Mzee Kasiani alikuwa na mafua, lakini alitoa habari yake yote.

Nilimuuliza ni nini hiki. Alieleza kana kwamba ni jambo dogo. Asubuhi ya kwanza baada ya kuacha kazi, Osmunda alipiga kwa mazoea, alikuwa amesahau. Akamwambia usipa ni mwingi leo na kuna boti mpya imeshushwa majini. Angemwambia nini? Ati habari zake hazihitajiki? Akamuuliza maswali yake ya kila siku. Kesho yake Osmunda akapiga tena, na akawaambia wengine. Tangu hapo hakuna asubuhi iliyopita bila wote wanane kupiga. Hakuna aliyekuwa anazitangaza. Walipiga kwa sababu kulikuwa na mtu anayesikiliza, na yeye alisikiliza kwa sababu walipiga.

Nilikuwa nimekuja kuomba msaada wa kuanza upya kitu nilichodhani kimekufa, tena mbele ya macho yangu, mimi nikiwa nimebaki kukitazama. Nikamwambia yote. Siku ile sikumsindikiza. Nilijificha. Nilibaki nikisoma za foleni.

Alinywa chai yake.

"Na wewe ungeondoka," alisema, "leo mkurugenzi angemtuma nani hapa?"

Sikuwa nimelifikiria hivyo hata mara moja. Mzigo niliokuja nao, nilioubeba mwaka mmoja na nusu, ulishuka hapo barazani bila sherehe yoyote, na nilichoweza kufanya ni kuomba chai.

Aliniletea chai. Halafu akasema kwamba hata yeye amepumua. Binti yake yuko Lindi, ana mtoto wa miezi saba ambaye bibi yake hajamwona hata siku moja. Wamemwita tangu mimba. Kila mara aliwaambia mwezi ujao, kwa sababu angewaachaje watu wanane wanaopiga simu saa moja na nusu, na safari ile ni ndefu, njiani kuna sehemu mtandao hakuna.

Tulichukua saa nzima. Aliwapigia mmoja mmoja, Osmunda, Mzee Kasiani, mwalimu wa Kigonsera, mama wa Ukata, na wale wanne wengine. Kila mmoja alimtajia namba yangu polepole, tarakimu kwa tarakimu, akamfanya airudie. Akawaambia kuanzia kesho wanipigie mimi, na kwamba nitawauliza vizuri, na nisipowauliza vizuri wanyamaze tu hadi niulize. Osmunda alitaka kujua kama kweli zitatangazwa. Mama Mhariri alinisogezea simu nijibu mwenyewe. Nikasema ndiyo, kesho saa mbili kamili.

Alipomaliza alizungusha kamba mara ya pili kwenye madaftari, akaniwekea mapajani. Kisha akachukua ile simu, akabonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia hadi kioo kikawa cheusi, akaitia ndani ya mkoba wake wa safari uliokuwa tayari umesimama nyuma ya mlango, na akamwita mtu wa dukani amuulizie kama kesho asubuhi kuna basi la Songea lenye nafasi, akaunganishe la Lindi.